Shule Ikiugua, Nani Afunge Mlango?

Ugonjwa uingiapo dakhalia, jambo la kwanza tulilolizoea ni kufunga shule na kuwarudisha watoto makwao. Yafaa wakuu wetu wa Elimu na Afya walitazame upya jambo hili. Kwetu sisi watu wa visiwani, kumrudisha mtoto nyumbani ni kumpakia chomboni pamoja na abiria wengine, kisha kumshusha kijijini ambako pengine daktari hayuko.

Tanganyika ilikwisha kuyaona haya. Tarehe 30 Januari, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, mkoani Kagera wa leo, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika, kicheko cha kutoa machozi. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Madaktari walitafuta vijidudu, wakatafuta sumu katika chakula, hawakuona kitu. Wasichana wakaenda makwao na kicheko kikafuatana nao: Nshamba peke yake walipatwa watu 217. Shule ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni.

Kicheko hicho hakikuua mtu. Lau kingalikuwa kipindupindu, ambacho mtu aweza kukaa nacho hata siku 5 kabla hajaanza kuharisha, tungalikuwa tunasimulia mengine. Na kipindupindu visiwa vyetu vinakijua tangu karne ya 19.

Wajapani wana desturi nyingine. Sheria yao ya afya shuleni ya mwaka 1958, iliyorekebishwa baadaye, inampa mwalimu mkuu mamlaka ya kumzuia mtoto mgonjwa asihudhurie, wala siku hizo hazihesabiwi utoro. Mwenye homa ya mafua hukaa nyumbani siku 5 baada ya kuugua, na siku 2 baada ya homa kumwacha. Wagonjwa wakizidi, hufungwa darasa lao tu. La jirani huendelea na masomo.

Hatusemi tuige yote. Mtoto wa Tokyo hulala kwao. Wetu wa dakhalia hulala kitanda kwa kitanda, na kufunga darasa moja hakumfai kitu. Huyu anahitaji chumba cha kutengwa, muuguzi, na maji yasiyokatika. Zaidi ya hayo, mwalimu mkuu anahitaji kujua mamlaka yake. Anayengoja simu ya wilayani hufunga kwa kuchelewa. Anayeogopa wazazi hufunga kwa pupa.

Wizara hizi mbili zikae pamoja, ziandike nani aamue, kwa ushauri wa daktari gani, na mtoto asafirishwe lini. Waraka huo uwafikie walimu kabla ya mvua za masika.