Kukodisha jina kwa mgeni ni hatari



Natoa maoni yangu juu ya mtindo wa kukodisha jina, ambao ni hatari kwa wananchi wa vijiji vya delta ya Rufiji.

Mgeni kutoka nchi ya nje huja kununua kaa, kamba au ufuta. Badala ya kuomba Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, kwa jina lake, humtafuta kijana wa kijijini mwenye namba ya NIDA. Kijana huandikisha TIN na leseni, hupewa fedha kidogo, na mgeni hufanya biashara nyuma yake.

Ndugu wananchi, jina la mtu si mtumbwi wa kukodisha. TIN ni ya mtu mmoja tu, na Mamlaka ya Mapato (TRA) humdai yule aliyeandikwa. Mgeni akifunga mizigo akaondoka, kodi, riba na adhabu humwangukia kijana wa Mbuchi au Nyamisati ambaye hata faida hakuiona.

Mgeni mwenye nia njema hana sababu ya kujificha. TIN hutolewa bure, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka kila anayeanza biashara aiombe ndani ya siku 15. Raia hutumia namba ya NIDA. Mgeni hutumia pasipoti na kibali chake cha kuishi nchini.

Tena TIN peke yake haimruhusu mtu kufanya biashara yoyote aitakayo. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo kununua mazao shambani. Adhabu iliyowekwa kwa mgeni ni faini isiyopungua Sh. 10,000,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Raia anayemsaidia naye aliwekewa faini ya Sh. 5,000,000 au kifungo cha miezi 3. Je, hizo fedha kidogo za mgeni zitatosha kulipa faini hiyo?

Hata hivyo lawama zisiwe za vijana peke yao. Mtu wa visiwani akitaka kuuliza habari za kodi hana budi kungoja maji yajae, apande boti, kisha atafute gari la kwenda Kibiti mjini. Maombi ya intaneti yapo, lakini hayamsaidii asiye na simu ya kufaa. Hapo ndipo madalali wanapopata mwanya.

Natoa wito kwa TRA, Uhamiaji na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti wafike deltani kwa boti, hasa msimu wa mauzo, wawaeleze wananchi katika mikutano ya vijiji. Nao watendaji wa vijiji wamtake kila mnunuzi mgeni aonyeshe TIN yenye jina lake mwenyewe, leseni na kibali chake. Aliye navyo tumkaribishe. Asiye navyo tusimfiche.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kibiti, Pwani.