Mnyonge Mnyongeni, Ketamini Haki Yake Mpeni

Wahenga walituusia kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wasia huo hunijia kila nisikiapo mtu akiilaani ketamini kuwa ni dawa ya kulevya tu, isiyostahili ila kupigwa marufuku duniani kote.

Ketamini iliundwa Marekani mwaka 1962 na mwanakemia Calvin Stevens, ili ichukue nafasi ya fensiklidini, nusukaputi iliyowaacha wagonjwa wakiweweseka walipozinduka. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo glutamati, ambayo hubisha hodi kwenye vipokezi vya seli jirani. Ketamini huziba kijilango cha kipokezi kimojawapo, kiitwacho NMDA. Mgonjwa hupotewa na fahamu na asihisi maumivu, ilhali aghalabu huendelea kupumua mwenyewe, wala shinikizo lake la damu haliporomoki. Ndiyo sababu hospitali isiyo na mashine za kupumulia wala umeme wa kutegemewa huweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1985.

Mwaka 2015, Uchina, iliyokuwa imetaabishwa na matumizi mabaya ya ketamini, iliiomba Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kikaoni Vienna, iiweke chini ya udhibiti wa kimataifa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kinyume, na uamuzi ukaahirishwa. Naona walishauri vyema. Tazama mofini: masharti yaliyokusudiwa kuwazuia walanguzi yamechangia kuifanya adimu kwa wagonjwa wa nchi maskini. Mlanguzi hasubiri kibali. Daktari wa kijijini husubiri.

Sisemi kwamba ketamini haina madhara. Anayeizoea huweza kuharibikiwa kibofu, na uraibu wake ni wa kweli. Hata esketamini, iliyotokana nayo na kuidhinishwa Marekani mwaka 2019 kutibu sonona sugu, hutolewa mbele ya mhudumu wa afya, na mgonjwa huangaliwa kwa muda wa saa mbili. Huo ni uangalizi, si marufuku.

Walimu wenzangu, tunapowaonya wanafunzi dhidi ya mihadarati, tusiwafiche upande wa pili. Kijana aambiwaye nusu ya ukweli leo ndiye atakayetunga sheria kesho, na gharama ya nusu iliyosalia italipwa na mgonjwa aliyelala juu ya meza ya upasuaji.