Mastaa wa Gemu za Gita Waache Kudanganya Watu na "Chini Tupu"

Kuna staa mmoja wa gemu za gita, jina tuliache, ambaye sifa yake ni moja: anacharaza kuelekea chini tu. Kwenye "Barracuda" ya Heart, ngoma iliyomo kwenye Guitar Hero III ya 2007, jamaa anapiga ule mwendo wa farasi chini, chini, chini, na mashabiki wanamwagia emoji za moto. Anayecharaza chini-juu anaitwa mwoga.

Uoga uko wapi hapo? Gemu yenyewe haijali. Kibao cha kucharazia kikienda juu au chini, noti inahesabika sawa, pointi zilezile. Dogo wa kidato cha pili anaiga, kifundo kinakaza, nusu ya wimbo mkono umekufa na noti zinampita.

Mwendo wa farasi ni noti moja ndefu na mbili fupi: taa, ta-ta. Mkono hausimami: chini, unapanda bila kugusa kitu, halafu chini, juu. Kila ndefu inaangukia chini, hivyo hata kasi ikipanda mtu hapotei. Wapo wanaobadilisha mfululizo, chini-juu-chini halafu juu-chini-juu. Kazi inapungua kweli, ila kundi la pili linaanza kinyume na wengi wanajichanganya hapohapo.

Staa ana mkono wake, sawa. Ila klipu zake ni za sekunde chache, na wimbo unazidi dakika 4. Aweke mzima, bila kukata, tuone.