SHAHADA PEKE YAKE HAIMFANYI MTU KUWA MWALIMU

Kila zinapotangazwa nafasi za ualimu wa sekondari hapa Tanzania, tangazo huwa na sharti moja ambalo vijana wengi hulisoma kwa uchungu. Mwenye shahada ya ualimu anakaribishwa kuomba. Mwenye shahada nyingine, iwe ya fizikia, ya hisabati, ya kilimo au ya historia, hakaribishwi mpaka awe pia na Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Basi manung'uniko husikika. Kijana husema: nimekaa chuo kikuu miaka 3, nimefaulu, somo nalijua barabara, kwa nini nizuiwe mlangoni na kuambiwa nikasome mwaka mwingine?

Sisi twaona kuwa sharti hilo ni la haki na halifai kulegezwa. Lakini twaona vile vile kuwa stashahada yenyewe haijatendewa haki, na wala hatujawatendea haki vijana tunaowataka waisome. Leo twataka kuyasema yote mawili bila kuficha.

Tuanze na sharti. Kujua jambo ni kitu kimoja, na kumjulisha mwingine ni kitu kingine. Kila mtaa una fundi hodari ambaye hakuna mwanagenzi aliyepata kujifunza lolote kwake, maana yeye hufanya tu, wala hajui kueleza anachokifanya. Na darasani mambo ni magumu kuliko karakanani.

Mfikirieni mtoto wa Kidato cha Kwanza katika shule ya kata. Ametoka shule ya msingi ya serikali ambako amesoma kwa Kiswahili miaka 7. Anaingia sekondari na kuyakuta masomo karibu yote yako kwa Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni kanuni ya Ohm. Kwa mtoto huyu ubao ule una mizigo miwili: umeme, ambao bado hajaufahamu, na lugha, ambayo haijui. Mwenye shahada ya fizikia ambaye hakufundishwa kufundisha huuona mzigo wa kwanza tu, tena hudhani dawa yake ni kuandika zaidi. Mtoto hunakili, daftari hujaa, na mwisho wa mwaka mtihani huonyesha kuwa hakuna kilichoingia. Kisha mtoto huitwa mzembe.

Mwalimu aliyejifunza kazi yake huanza kwingine. Huuliza kwanza watoto wanajua nini juu ya betri na balbu ya tochi. Kwa majibu yao hugundua fikra zisizo sahihi walizo nazo, maana mtoto haji shuleni akiwa mtupu. Huchagua maneno machache mapya ya siku hiyo na kuhakikisha kila mmoja ameyashika kabla ya kuyatumia katika kanuni. Na kabla kengele haijalia huwapima, apate kujua ni nani aliyeachwa nyuma. Hayo hayamo katika shahada ya fizikia. Hayo ndiyo ualimu, na hufundishwa.

Ndiyo maana mwaka huo wa stashahada una masomo ya namna yake. Mwanafunzi husoma saikolojia ya elimu, ajue mtoto wa miaka 13 hujifunza vipi na kwa nini husahau. Husoma falsafa ya elimu, ajiulize anafundisha kwa ajili gani. Husoma mitaala, njia za kufundishia masomo yake, na upimaji, ambao ni elimu ya kutunga maswali yanayopima ufahamu badala ya kukariri. Hujifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Halafu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, asimame mbele ya watoto wa kweli huku mkufunzi ameketi nyuma akiandika makosa yake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo kiini cha mambo yote, na tutairudia.

Wako wanaosema kuwa sharti hili ni kuwaonea wasomi. Twawauliza: mbona hawalii kwa kazi nyingine? Mwenye shahada ya sheria hawi wakili kwa shahada hiyo tu; hupitia kwanza Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mwenye shahada ya udaktari hukaa mwaka mzima wa utarajali hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake. Hakuna anayekubali kupasuliwa na mtu aliyesoma vitabu peke yake. Basi kwa nini akili za watoto wetu 50 katika chumba kimoja zikabidhiwe mtu ambaye hajapata kuonyeshwa namna ya kuzishughulikia? Sheria ya mwaka 2018 ilianzisha Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ili ualimu nao uwe kazi yenye usajili na maadili yake. Sharti la stashahada linakwenda njia hiyo hiyo.

Wala jambo hili si geni katika nchi zetu. Mwaka 1961, Tanganyika, Kenya na Uganda zilipokuwa na uhaba mkubwa wa walimu wa sekondari, zilianza kupokea vijana kutoka Marekani chini ya mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa na shahada za vyuo vya kwao. Hata hivyo, wale ambao hawakuwa wamesomea ualimu walipelekwa kwanza Makerere, wakakaa mwaka mmoja wakisomea stashahada ya elimu, ndipo wakapelekwa madarasani. Uhaba ulikuwa mkali, lakini mlango haukuachwa wazi.

Na Julius Nyerere mwenyewe, ambaye taifa zima lilimwita Mwalimu, alianza na ualimu kabla ya shahada. Alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora, ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh kutafuta shahada. Aliporudi mwaka 1952 alikuwa na vyote viwili, akashika chaki tena Pugu. Jina lile la Mwalimu hakulipata kwa kupewa heshima tu. Alikuwa ameifanya kazi yenyewe.

Tena tunayo mafunzo ya njia za mkato. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakawa wanajifunza ualimu huku wanafundisha. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka kwa kasi, vijana waliomaliza Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya muda mfupi sana na leseni ya kufundisha, na watu wakawabandika jina la mzaha la voda fasta. Hatuwacheki vijana hao. Walikwenda vijijini ambako wengine walikataa kwenda, na wengi wao baadaye walisoma wakawa walimu kamili. Hatuwalaumu hata walioamua, maana watoto walikuwa wamekwisha kukaa madarasani bila mwalimu. Lakini ukweli usemwe: gharama ya mkato ule haikulipwa na waliotunga mpango. Ililipwa na mtoto aliyekuwa kwenye dawati mwaka ule, na mtoto harudishiwi mwaka wake.

Leo hali ni nyingine, tena ni ya ajabu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2024 ilieleza kuwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zitahitaji walimu wapya milioni 15 ifikapo mwaka 2030. Kwetu, tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wanafunzi wamejaa madarasani. Lakini nafasi za ualimu zilipofanyiwa usaili mwaka 2025, walioomba walizidi 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Maana yake, watoto wanahitaji walimu, na wenye vyeti vya ualimu wako nyumbani, na baina yao limesimama swali la fedha za mishahara.

Hapa ndipo tunapowageukia vijana, nasi hatutawadanganya. Stashahada hii si tiketi ya ajira. Anayeisoma kwa kuwa amekosa kazi nyingine, akidhani mwaka ukiisha atapangiwa kituo, huenda akajikuta na karatasi 2 badala ya moja na deni la ada juu yake. Yafaa kijana ajiulize kwanza kama anaitaka kazi yenyewe: kusahihisha madaftari usiku, kurudia jambo moja mara 10 bila hasira, kuishi mbali na mjini, na kumpenda mtoto asiyeelewa kama anavyompenda anayeelewa. Akiona anaitaka, basi mwaka ule hautapotea. Akiona haitaki, ni heri kwake na kwa watoto ajaribu kwingine.

Lakini wale ambao nchi inawahitaji hasa hatuna budi kuwaita kwa sauti. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa fizikia wangali adimu katika shule nyingi za vijijini. Kadhalika, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mkondo huo wataka watu wanaojua kilimo, umeme, ujenzi na ufundi kwa mikono yao. Watu hao wako wapi? Wako miongoni mwa wenye shahada za uhandisi na kilimo waliotoka vyuoni bila kusomea ualimu hata siku moja. Kwao stashahada ya uzamili ndilo daraja la pekee lililo fupi na la heshima. Mhandisi akilivuka, shule ya amali imepata mtu. Asipolivuka, karakana itabaki imefungwa kufuli, na watoto watafundishwa uchomeleaji kwa kuchorewa picha ubaoni.

Basi twataka mambo yafuatayo, na twayasema kwa serikali na kwa vyuo waziwazi.

Kwanza, kijana mwenye shahada ya hisabati, sayansi au ufundi anayekubali kusomea ualimu asaidiwe ada na posho ya mazoezi, naye aahidi kufundisha mahali atakapopelekwa kwa miaka itakayokubaliwa. Haifai kumwita mtu kwa jina la taifa kisha kumwachia bili peke yake.

Pili, kabla kijana hajalipa ada, aelezwe ni masomo yapi yenye upungufu na katika mikoa ipi. Hesabu hizo serikali inazo. Kuzitangaza kila mwaka kabla vyuo havijafungua milango si kazi kubwa, nako kungewaokoa wengi na matumaini ya uongo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mazoezi ya kufundisha yasiwe sherehe. Mkufunzi anayefika shuleni saa 4, akakaa nyuma dakika 20, akaweka sahihi na kukimbilia gari, hajamkagua mtu. Mwanafunzi wa ualimu akabidhiwe kwa mwalimu mzoefu wa somo lake katika shule hiyo, amwone kila siku, amsahihishe kila siku. Na mwalimu huyo mzoefu alipwe kitu kwa kazi hiyo, maana naye ni mkufunzi. Chuo kinachopokea wanafunzi wengi kuliko kinavyoweza kuwafuata mashuleni kipunguze idadi. Stashahada iliyotolewa bila mazoezi ya kweli ni ile leseni ya zamani iliyovishwa joho.

Nne, wako watu wenye shahada ambao tayari wanafundisha katika shule mbalimbali bila mafunzo. Kuwafukuza wote kwa siku moja ni kuyafunga madarasa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha stashahada hii kwa masafa, mtu akiwa kazini kwake. Wenye shule wawape walimu hao nafasi na muda wa kusoma, na wawekewe tarehe ya mwisho ya kukamilisha.

Mwisho tuna neno kwetu sisi wenyewe, wanachama na wazazi. Ni nani aliyeeneza msemo kuwa aliyekosa yote na awe mwalimu? Ni sisi, majumbani mwetu, mbele ya watoto. Kijana mwenye shahada akisema anakwenda kusomea ualimu, mjomba hucheka na shangazi huguna. Halafu mtoto wetu akifeli hisabati twauliza walimu wazuri wamekwenda wapi. Tuache tabia hiyo. Na mwanafunzi wa ualimu akija katika kata yetu kwa mazoezi, wajumbe wa bodi ya shule na viongozi wa tawi wamtafutie chumba cha kulala na wamjulishe kwa majirani, badala ya kumwacha ahangaike kama mgeni asiye na mwenyeji. Namna tutakavyompokea wiki zile chache huenda ikaamua kama atarudi akiwa mwalimu kamili, au atakimbia asirudi tena.

Mwaka mmoja ni mwingi kwa kijana anayetafuta riziki, nasi twalijua hilo. Lakini mwalimu mmoja wa sekondari hupitiwa na maelfu ya watoto kabla ya kustaafu. Hao wote watalipa au kufaidika kwa mwaka ule mmoja, kama ulisomwa vizuri au kama ulisomwa ovyo. Basi usomwe vizuri, na wenye wajibu wa kuuwezesha wautimize wajibu wao.