Upepo wa Singida na mashine ya Kasulu

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu iliwashiwa taa na majenereta ya dizeli, mafuta yakiletwa kwa malori. Mwaka 2022 gridi ya Taifa iliwafikia kupitia Nyakanazi. Tangu hapo habari za umeme wa upepo zinawahusu kuliko wengi wanavyodhani.

Upepo una hesabu yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inayopatikana huwa mara nane. Vipimo vya Kititimo, Singida, vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, na Makambako mita 8.9. Mahali penye mita tatu, mtambo uleule hauwezi kupata hata sehemu moja kati ya ishirini ya nguvu ya mita tisa. Kwa hiyo mkulima wa Heru Juu anayeshawishiwa kununua kifaa cha upepo kwa sababu tu shamba lake liko mlimani, amwulize muuzaji ni nani aliyepima upepo hapo na kwa miezi mingapi. Kelele za migomba usiku si kipimo.

Hata kwenye upepo wa kutosha mambo hayajawa mepesi. Singida imetajwa tangu miaka ya 2000 kwa miradi ya megawati 50 na 100, lakini shamba la kwanza la upepo nchini lilikuja kujengwa Mufindi mwaka 2020, mitambo mitatu yenye megawati 2.4 tu. Kenya walikwenda mbali zaidi. Karibu na Ziwa Turkana ilisimikwa mitambo 365 ya megawati 310. Ikakaa bila kazi zaidi ya mwaka mzima, mapanga tayari, kwa kuwa njia ya kilometa zaidi ya 400 hadi Suswa ilichelewa. Umeme ulianza kutoka Septemba 2018, na fidia ya kuchelewa ilikuwa imeshadaiwa.

Somo hilo ni la waya. Upepo wa nchi kavu huvuma sana kiangazi, wakati mito inapopungua. Novemba 2022 ukame uliilazimisha TANESCO kutoa umeme kwa mgawo. Megawati za Singida zingeokoa siku kama hizo, na mwenye mashine ya kusaga Kibondo angenufaika bila kuona panga hata moja.

Angenufaika, iwapo waya unaomfikia unatosha. Umeme wa njia moja huwasha taa na kuchaji simu, ila hauendeshi mashine kubwa ya mahindi wala ya kukoboa kahawa. Kijiji chenye nguzo lakini kisicho na njia tatu bado kinanunua dizeli, na gharama hiyo analipa mama mwenye debe la mahindi. REA na TANESCO wawatangazie wananchi, kijiji kwa kijiji, njia tatu zitafika lini, ili mwenye mashine ajue kama anunue mota au injini nyingine.