Msuli haujui umeshika nini

Ndugu zangu, leo naomba niweke siasa kando. Nina dukuduku, na nisipolitoa nitalala nalo.

Juzi jioni nilikuwa jimu. Jimu ya kawaida tu hapa Dar, pangaboi linazunguka linapojisikia. Kijana mmoja mgeni, mwembamba kama nilivyokuwa mimi nilipomaliza chuo, kakaa kwenye mashine ya kusukuma kifua, anahesabu polepole, hana habari na mtu. Akaja mbabe mmoja, kifua mbele kama jogoo, akamwambia kwa sauti: "Dogo, hizo za akina mama. Wanaume tunashika chuma." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kile kicheko cha aibu, akainuka, akaenda kwenye benchi. Akawekewa sahani ambazo sidhani kama amewahi kuzigusa. Safari ya nne chuma kikamlalia kifuani. Mbabe wetu wakati huo yuko kwenye kioo, anajitazama mikono. Tuliokitoa ni mimi na dada mmoja aliyekuwa jirani.

Kijana alichukua taulo lake akaondoka. Jana hakuja, leo sijamwona. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati ule watu wanacheka, na mimi nilicheka.

Sasa tuelewane. Hivi nani alituambia mashine ni za wanyonge? Msuli hauna macho. Haujui kama umeshika chuma, umevuta waya wa mashine au umebeba ndoo ya maji. Unachojua ni kwamba umebanwa na mzigo mpaka unakaribia kushindwa, kesho kutwa ukabanwa tena, na kila baada ya muda mzigo ukaongezwa kidogo. Ukiupa na chakula na usingizi, unakua. Basi!

Mwaka 2023 kuna watafiti walikusanya tafiti 13 zilizolinganisha watu waliotumia mashine na waliotumia vyuma vya kawaida. Katika ukubwa wa misuli hawakuona tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye nguvu: aliyezoea chuma alipimwa vizuri zaidi kwenye chuma, na wa mashine hivyo hivyo kwenye mashine yake. Yaani unakuwa hodari wa kile unachokifanya. Hilo hata bibi yangu angekwambia bila utafiti.

Na kwa wale wanaotaka majina makubwa, mtazameni Dorian Yates wa Birmingham, Uingereza. Alichukua taji la Mr. Olympia mara 6 mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1997. Huyu aliacha kuchuchumaa na chuma mabegani, miguu akaijenga kwa mashine. Vyuma hakuvitupa, lakini mashine hazikumwonea haya. Nenda basi kamwambie yeye ni wa akina mama!

Hata mashine zenyewe hazikubuniwa kwa ajili ya wavivu. Arthur Jones, Mmarekani aliyeanza kuuza mashine za Nautilus mwaka 1970, aliweka gurudumu lenye umbo la kombe la baharini ili mzigo ubadilike kadiri mkono unavyosogea. Alitaka msuli usipate mahali pa kujificha. Waliozitumia kwa kadiri alivyotaka hawakutoka wakicheka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi vyuma vitupwe. Mimi mwenyewe nilianzia Mwananyamala, uani kwa mtu, kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege na bomba katikati. Chuma ni rahisi kupata, kimoja kinafanya kazi kumi, na kinakufundisha kujishikilia usiyumbe. Mashine ni ghali, moja inafanya kazi moja, na nyingine ukiwa mfupi hazikutoshi hata ukivuta kiti mpaka mwisho. Anayebeba magunia Kariakoo ana sababu nzuri ya kupenda chuma.

Lakini sisi tunaojaza jimu jioni ni akina nani? Ni watu wa ofisini. Tumekaa kutwa nzima mbele ya kompyuta, migongo imepinda, mwalimu wa jimu ni mmoja na wateja ni arobaini. Mtu wa namna hii, peke yake, hana wa kumshikia chuma, mashine inamfaa sana. Anachomeka pini, anasukuma, akishindwa anaachia na sahani zinarudi mahali pake. Hakuna kinachomwangukia shingoni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Halikusema kwa chuma gani. Wangapi kati yetu tunafikisha hizo siku mbili? Halafu huyo mmoja aliyejitahidi kuja tunamfukuza kwa kicheko, eti tunalinda uanaume!

Mbabe, kama unasoma hapa, sikuchukii. Una mikono mizuri. Ila ile mikono ingekuwa na faida zaidi kama ingebaki pale benchi kumshikia dogo chuma ulichompa.

Mimi nikimaliza kazi leo narudi pale pale. Dogo akija, nitamwomba radhi, kisha nitamwonyesha ile mashine ya kifua aendelee alipoishia.

Mhariri ananiita, stori yake haijaisha. Nawasilisha.