Si kila mtambo wa umeme huua ala zetu

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya muziki wa asili, hakosekani mtu wa kusimama na kuulaumu umeme. Husema kwamba nyatiti, orutu, chivoti na nzumari zinakufa kwa sababu ya mitambo ya kigeni, na kwamba dawa yake ni kuitupa mitambo hiyo yote nje ya ukumbi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imewatia wenye hatia na wasio na hatia katika kapu moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hatia ya kweli iko wapi? Naiona kwa kile kinanda cha umeme chenye vitufe chungu nzima, ambacho ukibonyeza hapa hutoa mlio wa filimbi, ukibonyeza pale hutoa ngoma, na pengine udi. Mtu mmoja na kinanda chake huweza kutumbuiza harusi usiku kucha, na mwenye shughuli akamlipa mtu mmoja badala ya watu sita. Wale watano waliobaki hurudi kwao mikono mitupu. Hapo ndipo ala inapokufa. Ala haifi kwa kukosa mlio, kwani mlio umekwisha kuigwa. Hufa kwa kukosa mpigaji, na mpigaji hutoweka kwa kukosa ujira.

Lakini kuna mtambo mwingine ambao watu huuchanganya na kinanda hicho, nao ni sinthesaiza ya analogi. Huu hutengeneza sauti kwa kuupinda umeme wenyewe, pasipo kutegemea tarakimu za kompyuta. Ndani yake mna sehemu tatu kubwa: oskileta, ambayo huzaa mlio, filta, ambayo huuchuja mlio huo ukawa mzito au mwembamba, na amplifaya, ambayo huamua mlio uanze vipi na ufifie vipi. Wengi wetu huutambua kwa vitufe vyake vya kupigia, wala hatutazami upande wa nyuma. Katika mitambo mingi ya aina hii pana tundu la kupokelea sauti kutoka nje. Ukichomeka hapo waya wa gitaa, au ukaingiza sauti ya maikrofoni iliyowekwa mbele ya nzumari na kuongezwa nguvu ya kutosha, oskileta hupumzika. Ala yenyewe ndiyo inayozaa mlio, na mtambo hubakiwa na kazi ya kuuchuja, kuukata na kuutia rangi.

Jambo hili si geni. Sinthesaiza iitwayo VCS3, iliyotolewa London mwaka 1969 na Peter Zinovieff pamoja na wenzake Tristram Cary na David Cockerell, ilikuwa na njia mbili za kupokea sauti za nje. Mwaka 1971, katika wimbo wa kundi la The Who uitwao Won't Get Fooled Again, Pete Townshend alipitisha sauti ya kinanda cha Lowrey ndani ya VCS3, na mtambo ukaikata vipande vipande kwa mapigo yasiyokoma. Hata leo wako wanaodhani kwamba mtambo ule ulikuwa ukijipigia wenyewe, kumbe kulikuwa na mtu mwenye vidole kwenye kinanda. Naye Brian Eno, alipokuwa na kundi la Roxy Music hadi mwaka 1973, alizichukua sauti za ala za wenzake, gitaa likiwamo, akazigeuzageuza kwa mtambo huohuo. Mpiga gitaa hakufukuzwa kazi. Asingepiga, Eno angekuwa na nini cha kugeuza?

Hata wanamuziki wa kumbi za heshima hawakuona haya. Mwaka 1970, Mjerumani Karlheinz Stockhausen alitunga Mantra kwa wapiga piano wawili, na sauti za piano hizo akazipitisha katika kifaa kinachokutanisha milio miwili na kutoa jumla yake na tofauti yake. Mlio wa mitetemo 440 kwa sekunde ukikutana na wa 100, hutoka wa 540 na wa 340. Piano ikaanza kulia kama kengele.

Wajapani wa Korg walisonga mbele zaidi mwaka 1978 kwa mtambo wao MS-20, ambao ulitolewa upya kwa umbo dogo mwaka 2013. Huu una sehemu maalumu ya kusikiliza ala ya nje. Hupima ukubwa wa sauti na kimo cha noti, kisha huvigeuza kuwa volteji ya kuendesha sehemu nyingine za mtambo. Mpigaji akikaza, filta yaweza kufunguka; akilegeza, ikajifunga. Msomaji atazame vizuri ni nani anayemwamrisha mwenziwe hapa. Ni mkono wa mpigaji unaouamrisha mtambo.

Hata hivyo tusiuvishe mtambo huo kilemba cha ukoka. Katika kupima kimo cha sauti, huweza kufuata noti moja tu kwa wakati mmoja. Orutu yenye uzi mmoja utaielewa, na chivoti pia. Lakini nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji wake hugonga ubavu wa ala kwa pete ya chuma ya oduong'o iliyo katika kidole cha mguu, huku njuga za gara zikilia. Mbele ya hayo yote mtambo utatapatapa kama mgeni aliyepotea sokoni. Basi nyatiti na ipitishwe kwenye filta tu, isitakiwe kuuongoza mtambo kwa noti.

Wazee watauliza: mlio ukisha kuchujwa, je, hiyo bado ni nyatiti? Swali hilo ni la haki. Filta iliyofungwa kupita kiasi huweza kuufuta ule mkwaruzo ambao ndio ladha ya ala, na fundi mvivu aweza kuizamisha nyatiti mpaka ikasikika kama chombo chochote kile. Ndiyo sababu nasema kuwe na masharti. Mpigaji awepo fundi anapozungusha vifundo, naye awe na kauli. Sauti halisi ya ala irekodiwe pembeni bila kuguswa, ili vizazi vijavyo viweze kulinganisha. Na jina la mpigaji liandikwe, ujira wake ulipwe.

Anayeogopa umeme na atazame Kinshasa. Mzee Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 hawakutegemea sinthesaiza. Waliunda maikrofoni zao wenyewe kwa sumaku za vyuma vikuukuu vya magari, wakazitia kwenye likembe ili zishinde kelele za mji. Sauti ikakwaruza na kunguruma, na mngurumo huo ukawa ndio alama yao. Santuri yao ya Congotronics ya mwaka 2004 iliwafikisha mbali duniani. Likembe haikufa kwa kupitia umeme, kwa maana vidole vilivyokuwa vikiipiga vilibaki palepale.

Kwa hiyo nawaomba wenye studio wetu, na walimu wa muziki katika vyuo, waache kununua vinanda vya kuiga orutu na badala yake wamwite mpiga orutu mwenyewe, wamwekee maikrofoni, wapitishe sauti yake kwenye mtambo, wasikilize pamoja naye. Nao wenye harusi na sherehe, kabla hawajatoa fedha zao, waulize kwanza ni watu wangapi watakaopiga. Kijana akiona kwamba chivoti yaweza kumpa mlo wa jioni, atajifunza kuipiga. Asipoona hivyo, tutazipeleka ala hizi zote makumbusho zikiwa nzima, zimepangwa vizuri, na hakuna ajuaye kuzishika.